Wanjiku si Jina la Majazi: Usuli, Kuenea na Uhakiki wa Jina Moja la Mlima Kenya

Utangulizi

Katika ufundishaji wa fasihi kwenye shule zetu za upili, mbinu ya majazi ni miongoni mwa zile ambazo wanafunzi huzikumbuka upesi zaidi. Hili si ajabu. Katika *Kidagaa Kimemwozea* ya Ken Walibora, Majisifu anajisifu kwa mswada alioiba, naye Mtemi Nasaba Bora anajivunia nasaba ambayo matendo yake hayaistahili. Katika *Kigogo* ya Pauline Kea, Tunu ni tunu kwa wenzake ilhali jina la Majoka linatisha kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Mwanafunzi hufundishwa kulifumbua jina kama anayefungua bahasha: ndani yake kuna sifa, na sifa hiyo ina alama mbili katika mtihani.

Shida huanza pale mwanafunzi anapokutana na jina la kienyeji. Kwa mazoea, naye hulifungua kama bahasha. Akikuta ndani hamna sifa, huitia yake mwenyewe. Ndipo tunaposoma majibu kama “Wangari ni mkali kwa sababu jina lake linatokana na chui” au “Wanjiku ni mwanamke maskini kwa kuwa Wanjiku ni mwananchi wa kawaida.” Mwalimu aliyesahihisha insha za aina hii atakubali kwamba kosa si la mwanafunzi peke yake. Sisi ndio tuliompa ufunguo mmoja na kumwambia kuwa unafungua milango yote.

Makala haya yanachunguza jina Wanjiku: linatoka wapi, limeeneaje, na mhakiki alisomeje. Hoja yetu ni kwamba Wanjiku ni jina la kurithi. Halitaji tabia ya mwenye jina. Linataja mahali pake katika mfululizo wa watu. Mfano wetu wa mara kwa mara utakuwa Kianyaga, katika eneo la Gichugu, Kaunti ya Kirinyaga. Huko mlima unaotajwa katika kisasili huonekana asubuhi kutoka uwanja wa shule, na mwalimu akiita “Wanjiku” darasani huenda wakaitika wasichana watatu.

Usuli: jina katika kisasili

Visasili ni sehemu ya silabasi ya fasihi simulizi, na kisasili cha Gĩkũyũ na Mũmbi ni miongoni mwa vinavyojulikana zaidi nchini. Ngai alimwonyesha Gĩkũyũ nchi kutoka juu ya Kĩrĩnyaga, akamwelekeza Mũkũrwe wa Nyagathanga, mahali palipo katika Murang'a ya leo, na huko akamkuta Mũmbi. Walijaliwa mabinti bila mwana wa kiume. Majina ambayo hutajwa kwa kawaida ni Wanjiru, Wambui, Njeri, Wanjiku, Nyambura, Wairimu, Waithira, Wangari na Wangui. Yuko pia wa kumi, Wamuyu, lakini idadi husemwa kuwa “kenda mũiyũru”, yaani tisa iliyojaa, kwa sababu ya mwiko wa kuwahesabu watoto hadi mwisho.

Kila binti akawa chimbuko la mbari kubwa. Wanjiru alianzisha Anjirũ, Wambui akaanzisha Ambũi, Wangari akaanzisha Angarĩ. Wanjiku ndiye mama wa Agacikũ. Kwa hivyo, katika chanzo chake, jina hili lilikuwa kama bendera ya kundi zima la watu.

Kuna sehemu ya kisasili hiki ambayo mara nyingi hatuifikishi darasani. Jomo Kenyatta aliisimulia katika *Facing Mount Kenya*, kitabu kilichotoka mwaka 1938. Kulingana na masimulizi hayo, hapo mwanzo wanawake ndio waliotawala. Wanaume walichoka kutawaliwa, wakafanya njama na kuwapindua wakati wengi wao walipokuwa waja wazito. Baada ya kushika hatamu, wanaume walitaka pia kubadilisha majina ya mbari ili yafuate waume. Hapo wanawake walikataa katakata. Walisema kwamba majina hayo yakiondolewa hawatazaa tena. Wanaume wakasalimu amri na majina yakabaki.

Mhakiki afanye nini na sehemu hii? Kwa upande mmoja, kisasili kinahalalisha mfumo wa ubabedume: kinadai kuwa wanawake walitawala vibaya, hivyo wakastahili kuondolewa. Kwa upande wa pili, kinakiri jambo ambalo mfumo huo haukuweza kulifuta. Mamlaka yaliondoka, majina yakabaki. Msichana wa Kianyaga anayeitwa Wanjiku amebeba ushahidi wa mapatano hayo ya kale. Swali la kumuuliza mwanafunzi si “jina hili lina maana gani?” bali “kwa nini jina hili halikubadilishwa?” Swali la pili ndilo la kifasihi, kwa maana linamrudisha kwenye mgogoro, wahusika na dhamira ya utungo.

Kuenea: hesabu ya nyanya na mjukuu

Umaarufu wa majina mengi ya kisasa hutokana na mitindo. Mchezaji kandanda au mwigizaji akivuma, watoto huitwa kwa jina lake. Akizama, jina huzama naye. Wanjiku halikuenea hivyo. Lilienea kwa kanuni.

Kwa mujibu wa desturi ya Agĩkũyũ, ambayo hufuatwa pia Ndia na Gichugu, binti wa kwanza hupewa jina la mama mzazi wa baba. Binti wa pili hupewa jina la mama mzazi wa mama. Wana wa kiume hufuata utaratibu huo huo kwa upande wa mababu. Watoto wanaofuata hupewa majina ya shangazi, mama wadogo, ami na wajomba kwa zamu. Kwa desturi hii, mzazi halitafuti jina, hulikuta likimngoja.

Tuchukue mfano wa darasani. Nyanya mmoja aitwaye Wanjiku ana wana wanne na mabinti watatu. Kila mwana akipata binti, wa kwanza ataitwa Wanjiku: hao ni wanne. Kila binti wa nyanya huyo akipata mabinti wawili, wa pili ataitwa Wanjiku: hao ni watatu. Bibi mmoja sasa ana wajukuu saba wa jina moja. Kwa hivyo wingi wa akina Wanjiku ni rekodi ya uzazi wa nyanya zao. Ndiyo sababu pia jina la baba huhitajika ili kuwatofautisha, na ndiyo sababu lakabu na vifupisho kama Ciku, Shiku na Shiko vimejaa midomoni mwa watu.

Kuhusu vifupisho hivyo, mwalimu wa lugha ana la kusema. Gĩkũyũ ina irabu saba, Kiswahili tano. Irabu ya mwisho katika Wanjikũ si /u/ ya Kiswahili, inakaribia /o/. Tahajia yetu ya kawaida huiacha alama ya juu na kuandika “Wanjiku”. Anayesema “Shiko” kwa hivyo hajaliharibu jina kama wengine wanavyodhani. Sikio lake limekaribia matamshi ya asili kuliko kalamu ya karani.

Matokeo ya kanuni hii ni mawili, na yote yanamhusu mhakiki. La kwanza ni kwamba jina lilijitenga na mbari iliyolizaa. Mbari hufuata baba, ilhali jina husafiri kupitia nyanya. Wanjiku wa Kianyaga anaweza kuwa wa Anjirũ au Ambũi, asiwe na uhusiano wowote na Agacikũ. Hivyo anayedai kwamba mhusika Wanjiku lazima awakilishe mbari ya Wanjiku amechanganya usuli na matumizi.

La pili ni kwamba jina huleta uhusiano. Baba humwita binti yake wa kwanza “maitũ”, yaani mama, kwa kuwa ameitwa kwa mama yake. Anaweza kumkemea, lakini humkemea akiwa na jina la mamake mdomoni. Mwandishi anayelijua hili anaweza kujenga onyesho zima kwa neno hilo moja, na msomaji asiyelijua atalipita tu.

Hata hivyo, tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Utaratibu wenyewe unaanza na upande wa baba. Familia zilipokuwa kubwa, upande wa mama haukupoteza kitu. Zamu yake ilifika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani wa uzazi nchini Kenya ulikuwa takriban watoto 8 kwa kila mwanamke. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliupata kuwa 3.4. Nyumba yenye watoto watatu huenda isipate binti wa pili. Hapo mama yake mke hana atakayemrithi, ingawa kanuni haikubadilika hata neno moja. Wako wazazi wanaomwunganishia binti mmoja majina ya nyanya wote wawili, nao wako wanaoliacha jambo likaleta manung'uniko ya kimyakimya. Mwandishi wa hadithi fupi anayetafuta mgogoro wa kifamilia hana haja ya kwenda mbali.

Jina likawa lakabu

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wananchi walipodai kushirikishwa katika kuandika katiba mpya, Rais Daniel arap Moi aliuliza kwa kejeli iwapo Wanjiku anajua katiba ni nini. Alikusudia mtu wa chini asiyejua mambo makubwa. Mchoraji vibonzo Gado akamchukua Wanjiku huyo, akamtia katika vibonzo vyake gazetini, akawa mwanamke wa kawaida anayewatazama wakubwa na kuwaumbua. Wanaharakati nao walilikumbatia jina. Kura ya maoni ilipopitisha katiba tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huo, wengi waliiita katiba ya Wanjiku. Ibara yake ya kwanza inasema kuwa mamlaka yote kuu ni ya watu wa Kenya. Swali la kejeli lilikuwa limepata jibu la kisheria.

Kwa istilahi za fasihi simulizi, hapa Wanjiku limekuwa lakabu. Lina sifa zote za lakabu tunazozifundisha: limetolewa na mtu mwingine, lina shabaha, na linabeba hukumu ya jamii. Zaidi ya hayo, linatufunza kwamba aliyepewa lakabu anaweza kuigeuza. Lililotungwa kama tusi likavaliwa kama taji. Mwalimu anayetafuta mfano hai wa lakabu ana huu hapa, nao mwanafunzi anaujua kutoka magazetini.

Ila lakabu hii ina kasoro mbili ambazo mhakiki mkweli hafai kuzifumbia macho. Kwanza, imelichukua jina la jamii moja likasimamia taifa lenye akina Atieno, Nafula, Mwende na Mwanaisha. Wanaouliza “mbona Wanjiku?” hawana wivu, wanauliza swali halali la uwakilishi. Jibu la kwamba jina hilo linajulikana na kila mtu ni sahihi, lakini halitoshi. Kujulikana kwa jina ni matokeo ya idadi, na idadi peke yake haimpi mtu haki ya kuwasemea wengine.

Pili, Wanjiku wa siasa ni mhusika bapa. Hana nyanya, hana mbari, hana kijiji. Hafanyi kosa lolote wala habadiliki. Hutajwa kila kodi inapopanda na kusahaulika inaposhuka. Jina ambalo desturi ililifanya liwe la uhusiano limegeuzwa kuwa la mtu asiye na uhusiano na yeyote. Ndiyo maana mwanafunzi anayeleta Wanjiku wa gazetini ndani ya riwaya huandika kwamba kila Wanjiku ni maskini.

Wanjiku ndani ya riwaya

Mfano bora wa jina hili likitumiwa na mwandishi anayelijua unapatikana katika *A Grain of Wheat* ya Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya ya mwaka 1967. Mhusika mkuu wa kike anaitwa Mumbi. Jina hili linakaribia majazi: mzizi wake ni ule ule wa kitenzi “kuumba” cha Kiswahili, na Mumbi wa riwaya ndiye ambaye juu yake maisha mapya ya kijiji yanajengwa baada ya vita. Wahakiki wengi wameliona hilo. Lakini mama yake Mumbi anaitwa nani? Anaitwa Wanjiku.

Hebu tulitazame hili kwa makini. Katika kisasili, Mumbi anamzaa Wanjiku. Katika riwaya, Wanjiku anamzaa Mumbi. Msomaji mwenye mazoea ya majazi hataona kitu, kwa kuwa Wanjiku hapa hana sifa ya kufumbua. Msomaji anayeijua desturi ya kuita majina ataona kwamba kisasili kimegeuzwa kifudifudi bila kuvunjwa. Desturi yenyewe ndiyo inayoruhusu. Nyanya hurudi katika mjukuu, hivyo mama wa kwanza anaweza kuzaliwa na binti yake. Kwa riwaya inayouliza iwapo kijiji kilichosalitiana kinaweza kuzaliwa upya, mpangilio huo wa majina mawili unasema mengi, nao unayasema bila sentensi hata moja ya maelezo.

Katika riwaya hiyo hiyo, mama yake Gikonyo anaitwa Wangari. Miaka mingi baadaye Ngũgĩ alilitumia jina hilo tena katika *Caitaani Mũtharaba-inĩ*, iliyotolewa mwaka 1980 na kutafsiriwa kwa Kiswahili kama *Shetani Msalabani*. Wangari wa pili ni mkongwe wa vita vya uhuru ambaye anawapeleka polisi kwenye pango la wezi, kisha yeye ndiye anayekamatwa. Je, ni “chui”? Mwanafunzi anaweza kusema hivyo kuhusu wa pili, lakini sio wa kwanza. Jina ni lile lile, wanawake ni wawili. Hii ni ithibati tosha kwamba ujasiri wa Wangari wa *Shetani Msalabani* unatokana na matendo yake, na ni katika matendo hayo ndipo mwanafunzi anapaswa kuutafuta ushahidi.

Jina la kurithi lipo pia katika vitabu vya Kiswahili vilivyowahi kutahiniwa. Katika *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, Mwangeka na Apondi wanampa mtoto wao wa kiume jina Ridhaa, ambalo ni la baba yake Mwangeka. Ridhaa mkubwa ana jina la majazi, na hilo mwanafunzi hulisema haraka. Lakini Ridhaa mdogo je? Kwake jina hilo ni urithi. Linasema kwamba ukoo ambao moto na ghasia za baada ya uchaguzi zilikaribia kuumaliza una mwendelezo. Jina moja limefanya kazi mbili katika kitabu kimoja. Vivyo hivyo, Mwangeka na Apondi hawahitaji kufumbuliwa. Majina yao yakikaa bega kwa bega yanaonyesha ndoa ya jamii mbili tofauti, katika riwaya ambayo uhasama wa kikabila ni mojawapo ya maudhui yake makuu.

Mwalimu afanye nini?

Tunapendekeza kwamba mwanafunzi afundishwe kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika neno “majazi”. Kwanza, ni nani aliyempa mhusika jina hili ndani ya hadithi: wazazi, jamii, maadui au mwenyewe? Pili, je, jina linataja tabia, tukio au mtu mwingine? Likitaja tabia na tabia hiyo ikaonekana katika matendo, hayo ni majazi. Likiwa limebandikwa na watu kwa sababu ya tabia au umbo, ni lakabu. Likimtaja mtu mwingine aliyetangulia, ni jina la kurithi. Tatu, kuna yeyote mwingine mwenye jina hilo katika kitabu, na wanalingana au wanatofautianaje?

Zoezi rahisi la kuanzia ni darasa lenyewe. Wanafunzi wa Kianyaga, Kerugoya, Karatina au Nyeri waulize nyumbani waliitwa kwa nani, kisha waandike aya moja kuhusu mtu huyo. Mwanafunzi anayetoka jamii nyingine afanye vivyo hivyo kwa desturi ya kwao, maana si jamii zote zinazorithisha majina. Nyingine huita kwa msimu, mahali au saa ya kuzaliwa. Matokeo yatakuwa data ya fasihi simulizi iliyokusanywa nyanjani, jambo ambalo silabasi inalihimiza. Pia yatawazuia wanafunzi kubuni maana za majina pasipo ushahidi. Tabia hiyo, ikilelewa kidato cha kwanza, huwa vigumu kung'olewa kidato cha nne.

Mtahini naye ana wajibu. Jibu linalosema “mtoto ameitwa Ridhaa ili kuendeleza jina la babu, jambo linaloonyesha matumaini ya ukoo” linastahili alama kamili, hata kama mwongozo wa kusahihisha umetaja majazi pekee.

Hitimisho

Tumeona kwamba Wanjiku lilianza kama jina la mbari, likaenea kwa kanuni ya nyanya na mjukuu hadi likajitenga na mbari hiyo, likachukuliwa na wanasiasa kama lakabu ya dharau, na wananchi wakaigeuza. Kote huko halikuwahi kuwa jina la tabia. Akina Wanjiku watatu wa darasa moja la Kianyaga wanaweza kuwa mmoja mpole, mmoja mcheshi na mmoja mwenye hasira za mkizi, na wote wakawa na haki sawa ya jina lao.

Kuwafundisha wanafunzi tofauti hii kuna faida kuliko alama za mtihani. Msichana aliyezoea kusikia jina lake likitajwa redioni kama jina la mnyonge anastahili kujua kuwa liliwahi kuwa sharti ambalo wanawake walilitoa na wanaume wakalikubali. Ufahamu huo ni kazi ya mwalimu wa fasihi, na nafasi ya kuutoa ipo kila asubuhi anapoita majina katika rejista.